Njano ya Newala

Ukimwita Bibi Shamba aje kutazama mkorosho wako unaokauka, jambo la kwanza aliloomba ni kupelekwa kwenye mkorosho usiokauka. Watu waliudhika. Mtu amefunga safari kumfuata ofisini, amempakia kwenye pikipiki, amefika naye shambani, na mgonjwa anaonekana pale mbele, majani yamesinyaa. Halafu mtaalamu anampa mgongo.

"Bibi Shamba, mgonjwa ni yule kule."

"Nimemwona. Nipeleke kwa mzima."

Akifika kwa huyo mzima hakuwa na haraka. Aliuzunguka mti, akakunja jani, akalinusa, akatazama matawi ya juu mkono umekinga jua, akaokota majani yaliyodondoka na kuyapanga kiganjani kama karata. Baada ya hapo ndipo aliporudi kwa mgonjwa, na kwa mgonjwa hakukawia. Alikuwa amekwishajua.

Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza shambani kwa baba yangu, Nanganga, nikiwa darasa la nne. Baba alininong'oneza kwamba tumeletewa mtu asiyejua mgonjwa ni yupi. Mimi mwenyewe nilihitaji shahada ya kompyuta, droni, na aibu moja kubwa kule Newala ili nielewe alichokuwa akifanya.

Hiyo aibu niieleze mapema, maana bila hiyo huwezi kumwelewa mama huyu. Kuna ugonjwa wa mikorosho uitwao mnyauko. Unapanda kutoka udongoni kupitia mizizi na kuziba njia za maji ndani ya mti. Tawi moja linageuka njano, kisha jingine, kisha mti wote unakufa ukiwa umesimama. Mti ulioshikwa hautibiki. Unakatwa na kuchomwa kabla haujawaambukiza jirani zake. Kijiji kimoja cha Newala kiliunda kamati ya kazi hiyo, nami nikaiahidi ramani: kila mkorosho nukta moja, kijani kwa mzima, nyekundu kwa wa kukatwa. Ramani yangu ya kwanza ilipotoka, shamba la Mama Somoe lilikuwa jekundu karibu lote. Kamati ilikuwa na mashoka. Mama Somoe alikuwa na mikorosho hiyo tu, na mkorosho ukiukata leo, wa kushika nafasi yake utakungojesha miaka kabla hujaonja faida.

Nilikwenda kumwonyesha Bibi Shamba ramani hiyo kabla ya kuikabidhi. Nilikwenda kwa majivuno, niseme kweli. Nilitaka anisifu.

Alikuwa amekwishastaafu na kuhamia Lisekese, mjini Masasi, na barazani kwake palikuwa pamejaa watu kuliko ofisini kwake enzi zile. Kustaafu kwake hakuna aliyekuamini. Waendesha bodaboda walimletea majani kwenye mifuko ya plastiki kutoka kwa wateja wa mbali, naye aliyatazama na kutuma majibu kwa mdomo, na majibu yalifika, ingawa nadhani mengine yalifika yakiwa yameongezwa chumvi njiani. Mimi nilimkuta anakula karanga. Ukitaka kumjua, anzia hapo: mtu aliyeyatoa maisha yake kwa korosho alikuwa hali korosho. "Zinanikaa kooni," alisema. "Nikiitafuna nakumbuka kazi."

Alikuwa na mengine ya namna hiyo. Aliwafokea wakulima kwa kuchelewa mkutano, naye mwenyewe hakuwahi kuwahi mkutano wowote. Alifundisha wilaya mbili kupogolea, huku mkorosho wa uani kwake ukiwa umeangusha matawi hadi juu ya banda la kuku, kwa sababu kila alipouendea na msumeno aliona huruma. Umbea aliukataza barazani kwake, lakini ukitaka kujua nani kaposa wapi kati ya Masasi na Newala, ulimwuliza yeye, naye alikujibu kwa utangulizi uleule: "Mimi siyajui hayo, ila..."

Siku ile nilimwamkia, akaitika, akanisogezea kigoda na karanga. Nilifungua kompyuta nikaanza kumweleza, na nitaeleza hapa kama nilivyomweleza yeye, kwa sababu alinilazimisha nirudie mpaka ikanyooka.

Kamera ya simu inaona rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Rangi nyingine zote inazipata kwa kuzichanganya hizo. Kamera niliyofunga kwenye droni yenyewe inaukata mwanga vipande vyembamba sana, mamia, na vingine viko nje kabisa ya kile jicho la mtu linachokiona. Kwa hiyo kila nukta ya picha haikupi rangi tu. Inakupa mstari mrefu unaopanda na kushuka, unaoonyesha kitu hicho kimerudisha mwanga kiasi gani katika kila kipande. Jani lina mstari wake, mchanga una wake, bati lina wake.

"Na nani anaisoma mistari yote hiyo?" aliuliza.

"Mtandao wa neva. Ni programu inayojifunza kwa mifano. Nimeionyesha mikorosho ya Masasi, nikaiambia huu mzima, huu una mnyauko, huu mzima, mpaka ikaanza kutambua yenyewe bila kuambiwa."

"Kumbe ni mwanafunzi."

"Ni kama mwanafunzi."

"Si kama. Anafundishwa, anakosea, anasahihishwa. Ni mwanafunzi." Kuanzia siku hiyo hakuuita mtandao ule jina jingine. Alinipigia simu asubuhi kuniuliza mwanafunzi wangu ameamkaje, na alipata uchungu wa kweli aliposikia kompyuta imezimika umeme ulipokatika. "Usimchoshe," aliniambia.

Basi nilimfungulia ramani ya Masasi kwanza, iliyokuwa sahihi kweli. Tulikuwa tumeihakiki mti kwa mti. Alifurahi mpaka akapiga goti lake. Kisha nikafungua ya Newala. Aliinamia skrini. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa khanga, akaivaa tena.

"Hili shamba la nani?"

"La Mama Somoe."

"Mama Somoe huyu ninayemjua mimi? Mwenye ugomvi na kila mtu?"

"Huyohuyo."

"Mikorosho yake inakufa yote?"

"Ndivyo anavyosema mwanafunzi."

Alichukua simu akampigia palepale, akaiweka sauti ya wazi juu ya kigoda kingine. Lazima ujue kwamba watu wa Newala wanaishi juu ya uwanda, na sisi wa Masasi tuko chini yao, kwenye vilima vya mawe. Kutaniana baina yetu ni ada.

"Ee mtu wa chini!" ilisema sauti ya Mama Somoe. "Bado hujafa?"

"Ningekufa ungesikia ngoma. Ninyi wa juu mmepata maji ya kuoga?"

"Tunayo. Ninyi mnayo zaidi, ila hamyatumii. Nini shida?"

"Nambie, dada. Wiki ya pili ya mwezi wa saba, kijana wangu aliporusha kile kidude chake, wewe ulikuwa unafanya nini shambani?"

"Nnafanya nini mwezi wa saba? Nnapuliza salfa! Nlikuwa nshapuliza mara mbili. Siyo kama majirani zangu wanaongoja maua yaungue ndo watafute bomba."

Bibi Shamba alinitazama. Mimi niliinamia ramani yangu. Salfa ni unga wa njano, tunaupuliza kuzuia ubwiriunga usile maua ya mkorosho, na shamba lililopulizwa sawasawa hubaki na vumbi la njano juu ya majani kwa siku kadhaa. Picha za Masasi nilizipiga mwezi wa tano, kabla bomba hata moja halijawashwa. Mwanafunzi wangu alikuwa hajawahi kuona salfa maishani mwake. Njano pekee aliyoijua ilikuwa njano ya kufa. Akapandishwa Newala, akakuta shamba linalotunzwa kuliko yote kijijini, akaliandikia hukumu kwa sababu ya matunzo hayo.

"Umempeleka moja kwa moja kwa mgonjwa," Bibi Shamba aliniambia taratibu. "Hukumwonyesha mzima wa kule."

Nilidhani atanicheka. Badala yake alinisimulia jambo ambalo baba yangu hakuwahi kulisikia. Alipoanza kazi alifundishiwa Masasi, kisha akapelekwa Newala akiwa na hakika zote za Masasi kichwani. Mzee mmoja alimwita kutazama mkorosho uliokuwa umepukutisha majani. Kwa kalenda ya Masasi, mti usingepukutisha majani wakati ule isipokuwa umeshikwa. Aliagiza ukatwe. Mzee alitii, akaukata. Ndani, ubao ulikuwa mweupe safi kuanzia shina hadi tawi. Huko juu, kwenye ukungu na baridi, mikorosho ile ilikuwa na majira yake ya kupukutisha, na kila mtoto wa pale aliyajua.

"Alikutukana?"

"Angenitukana ningepona. Aliniletea kuni. Alizipasua vizuri, akazifunga, akasema, 'Mwanangu, upikie.'" Akamenya karanga. "Nilizipikia siku nne. Watu waliniona macho mekundu wakadhani ni moshi."

Kuanzia hapo ndipo alipoanza kuomba mti mzima kwanza, kila kijiji, hata kama alikuwa amefika hapo wiki iliyopita. Alisema mti hausemi uongo, lakini unasema kwa lafudhi ya kwao, na mgeni akikimbilia kusikia ugonjwa kabla hajaizoea lafudhi, atasikia maneno ambayo hayakusemwa.

Hapa nilisimama. Nilisimama kweli, karanga zikamwagika. Kwa sababu hilo ndilo tatizo ambalo watu wa fani yangu wanahangaika nalo: mtandao uliofunzwa kwa mandhari moja ukipelekwa mandhari nyingine unaanguka, kwa kuwa udongo ni mwingine, jua lina pembe nyingine, kuna ukungu, kuna salfa. Ugonjwa ni uleule, lafudhi imebadilika. Na huwezi kuanza kufundisha upya kila mahali, maana mifano yenye majibu hupatikana kwa miguu, mti kwa mti. Unataka kubeba yale uliyokwisha kujifunza na kurekebisha sikio tu.

Niliomba kamati isishike shoka. Mwenyekiti wao alinipa mpaka mvua za kwanza, si siku moja zaidi, na alikuwa na haki: kama miti ile ilikuwa inaumwa kweli, kila wiki ya kungoja ilikuwa ya hatari kwa majirani.

Jaribio langu la kwanza nililifanya kwa ujanja ninaoupenda. Ndani ya programu niliweka mshindani mdogo. Kazi yake ilikuwa moja: aangalie jinsi mwanafunzi anavyouelewa mti, abahatishe mti huo ni wa Masasi au wa Newala. Na mwanafunzi alipewa amri ajifunze kumchanganya mshindani, yaani atafute zile dalili za mkorosho ambazo haziwezi kumfichua ametoka wapi. Asikie neno, asisikie lafudhi. Inasisimua kuitazama ikifanya kazi. Unaona makundi mawili ya nukta kwenye skrini, la Masasi na la Newala, yanasogeleana usiku na mchana mpaka yanakuwa kundi moja.

Matokeo yakawa mabaya zaidi ya mwanzo. Shamba la Mama Somoe lilikuwa jekundu sasa bila nukta ya kijani hata moja.

Nilimpelekea Bibi Shamba habari hiyo nikiwa nimevunjika moyo. Alisikiliza, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza chuoni: "Umemlazimisha kila wa Newala apate wa kufanana naye Masasi. Na kama hayupo?"

Hayupo. Mkorosho wenye afya uliojaa salfa haukuwa na ndugu katika picha zangu za Masasi. Nilipoulazimisha uungane na mwingine, uliungana na ule wa Masasi uliokaribiana nao kwa njano, nao ni maiti. Kumbe lafudhi nyingine si ya kufutwa. Ni neno jipya, na neno jipya linataka kufundishwa.

Tulipanda Newala pamoja mara tatu. Bibi Shamba alichagua miti michache ya kunifundishia, na hukosei ukisema alianza na ipi. Mizima yenye salfa, mizima isiyo na salfa, yenye vumbi la barabarani, iliyo kivulini. Wagonjwa wa kweli walikuja mwisho. Kila mti aliokuwa na shaka nao aliukwangua gome kwa kisu kidogo, kwa sababu mnyauko huacha michirizi ya kahawia ndani ya ubao. Kisha alikichoma kisu kwa kiberiti kabla ya mti unaofuata, asije akawa yeye ndiye anayeubeba ugonjwa. Nilielewa kwa nini hatuwezi kukwangua wilaya nzima.

Nikaongeza kundi jipya, mzima mwenye salfa, na nikaacha programu ijirekebishe kwa mifano hiyo michache juu ya yale iliyokwisha kuyajua. Nilipouchungua mstari wa mwanga niliona uzuri wake. Katika vipande vya njano, jani lenye salfa na jani linalokufa yanafanana kama mapacha. Lakini ukivuka nyekundu, ukaingia kwenye mwanga usioonekana, jani zima bado linarudisha mwanga kwa nguvu, vumbi au hakuna vumbi, na lile linalokufa limekwisha kushuka. Mwanafunzi wangu alikuwa na vipande hivyo tangu Masasi. Hakuvitazama tu, kwa sababu Masasi njano ilimtosha.

"Mvivu," alisema Bibi Shamba kwa upendo. "Mimi pia njano ilinitosha."

Mara ya mwisho nilipokuwa naye kazini ilikuwa siku ambayo mawingu ya mvua yalikuwa yamekwisha simama upande wa mto Ruvuma. Kamati ilikuwa ije alasiri. Tulifika kwa Mama Somoe mapema na ramani mpya: shamba lote kijani, isipokuwa nukta mbili. Moja ilikuwa mpakani, kwenye mti ambao hata mimi niliuona umechoka. Ya pili ilikuwa juu ya mkorosho mkubwa ulioegemea jiko, mti uliozaa kuliko yote pale.

"Ule wa mpakani kateni," alisema Mama Somoe. "Nliuona zamani. Lakini huu? Huu umenisomeshea Somoe."

Bibi Shamba aliuzunguka. Akavuta tawi, akanusa, akatazama juu kwa muda mrefu. Majani yalikuwa mazito, ya kijani.

"Huu mzima," alisema. "Hapa mwanafunzi kakosea."

Nilifurahi kusikia hivyo. Niliishika kompyuta tayari kuibadilisha nukta, maana kati ya neno lake na la programu yangu sikuwa na swali. Lakini alinishika mkono.

"Ngoja. Ana hakika kiasi gani?"

Nilitazama. "Hana shaka hata kidogo. Ule wa mpakani alisitasita. Huu hakusita."

Alichomoa kisu. Alikwangua upande wa jiko: mweupe. Akakwangua juu kidogo: mweupe. Mama Somoe alianza kutabasamu. Bibi Shamba akapiga magoti kwa shida, akaufuata mzizi mmoja uliokuwa upande wa nyuma, akafukua mchanga kwa vidole na kukwangua pale shina linapokutana na udongo. Alisogea pembeni ili tuone.

Mchirizi wa kahawia ulipanda kwenye ubao kama chai iliyomwagika.

Kisha Bibi Shamba, mtu mzima yule, akapiga makofi. Alipiga makofi akiwa bado amepiga magoti, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Bibi Shamba!" Mama Somoe alifoka, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mti wangu unakufa nawe unacheka?"

"Nisamehe, dada. Ningeuacha. Unasikia? Kwa macho yangu haya na miaka yangu yote, ningeuacha umesimama, na mwakani ungeniita kunionyesha kumi." Alinyoosha mkono asaidiwe kuinuka, na Mama Somoe, baada ya kumwacha angoje kidogo, alimwinua. "Lia, mama. Uulilie. Lakini hiyo mingine yote uliyonayo hapa ni mizima, nakuapia, nimeiona mmoja mmoja."

Mama Somoe alitazama shamba lake, safu kwa safu, mpaka mwisho. Akajifuta uso kwa khanga.

"Kamati isiuguse huu," alisema. "Nnaukata mwenyewe." Akaingia jikoni, akatoka na shoka.

Pigo la kwanza lilipolia, Bibi Shamba alikwisha kuketi kwenye ukingo wa jiko na kuivuta kompyuta magotini, uso karibu uguse skrini, mikono bado ina mchanga.

"Haya, mwalimu," aliniambia. "Majani yalikuwa ya kijani. Nionyeshe aliona nini."

Nikamfungulia mstari wa mti ule na kuweka kidole pale unapoanza kushuka, kwenye mwanga usioonekana, naye kabla sijatamka neno alikwisha kuniuliza swali la kwanza.